Grogan, mahali pikapu hutiwa umeme

UKITAKA kuifahamu Nairobi ambayo haimo katika kadi za watalii, msomaji mpenzi, usianzie kwenye majumba marefu. Anzia Grogan. Shuka matatu yako popote katikati ya jiji, vuka Moi Avenue, vuka Tom Mboya Street, pita River Road ukiwa umeshikilia mfuko wako vyema, kisha teremka kuelekea Mto Nairobi. Hutahitaji kuuliza njia. Masikio yatakuongoza: nyundo zinagonga mabati, injini zinanguruma bila gari, na mtu fulani anamwitia mwenzake spana namba kumi na nne kutoka chini ya lori.

Nilifika huko Jumamosi moja asubuhi pamoja na kakangu mkubwa na pikapu yake. Haja yetu ilikuwa ndogo ukiitaja: tulitaka gari litiwe soketi ya umeme huko nyuma kwenye sehemu ya mizigo, soketi ya kuchomeka plagi ya pini tatu kama ile iliyo sebuleni kwako. Lakini kwa kakangu haikuwa haja ndogo hata kidogo. Alipofanyiwa kazi hiyo mara ya kwanza, na fundi mwingine mahali pengine, nusura imuue yeye na mwanawe.

KINYOZI WA SOKO LA MBUZI

Kwanza nikueleze kwa nini mtu atake umeme nyuma ya pikapu. Kakangu ni kinyozi, lakini hana duka. Duka lake ni hilo gari. Siku za soko yeye hushika barabara ya Namanga, akapita Kitengela, Isinya na Kajiado, hadi Bissil, ambako wafugaji huleta ng'ombe, mbuzi na kondoo kutoka pande zote za Umaasai. Huegesha chini ya mgunga, akafungua mlango wa nyuma, akatundika kioo na kuweka kiti cha plastiki. Mtu aliyekwisha kuuza mbuzi wake huwa na pesa mfukoni na hana haraka. Huo ndio wakati mzuri wa kunyolewa, na simu ikitiwa chaji papo hapo, biashara ni mbili kwa mpigo.

Zamani alitumia jenereta ndogo ya petroli. Ilikuwa na kelele na moshi, na wateja walinung'unika kwamba wakiwa kitini hawasikii bei ya mbuzi inavyopanda na kushuka. Akaamua kutumia betri ya gari. Fundi akamtia soketi kwa muda wa saa moja na kumtoza pesa kidogo, naye akaondoka akijiona mjanja.

Mwezi wa tatu, wakiwa wamepita Isinya, mwanawe wa miaka minane alisema, "Baba, kiti kina moto." Kakangu alidhani ni jua. Punde moshi ukatoka chini ya zulia. Alisimamisha gari kando ya barabara, akamtupa mtoto nje kama gunia, akafungua boneti na kuing'oa waya ya betri kwa mkono wake. Kovu la kiganja analo hadi leo. Zulia waliliziba kwa mchanga. Gari lilipona, mtoto akapona, lakini kwa mwaka mzima mvulana huyo alikataa kupanda pikapu.

Sasa unaelewa kwa nini asubuhi hiyo kakangu hakuwa na maneno mengi.

JINA LISILOKUFA

Barabara yenyewe rasmi inaitwa Kirinyaga Road, kwa jina ambalo Wakikuyu waliupa Mlima Kenya. Lakini mwambie mwenye matatu au mwuza vipuri "Kirinyaga Road" naye atakuuliza, "Unamaanisha Grogan?" Jina hilo ni la Mwingereza Ewart Grogan, aliyejipatia sifa kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo, akaimaliza mwaka 1900, kisha akaja huku kwetu na kuwa mmoja wa masetla wenye ardhi nyingi kabisa. Mwaka 1907 aliwachapa viboko Waafrika hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, akafungwa kwa sababu hiyo. Baada ya uhuru jina lake liliondolewa barabarani. Midomo ya watu ndiyo iliyokataa kuliondoa, nami nafikiri wengi wanaolitamka leo hawajui lilikuwa la nani. Kwao Grogan ni mahali pa kutafuta gia boksi.

Watu wa hapa ni jua kali, yaani mafundi wanaofanya kazi nje bila paa juu ya vichwa vyao. Mnamo 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na wataalamu wake wakasema kwamba kazi hizi ndogondogo zisizo na leseni wala ofisi si uvivu wala ukosefu wa kazi, bali ni kazi halisi zenye faida. Ripoti hiyo ilisomwa ulimwengu mzima. Fundi wa Grogan alikuwa akilijua jambo hilo kabla ya wataalamu, kwa kuwa ndilo lililomlipia mwanawe karo.

Kabla hujazima injini, vijana watano watakuwa wamelizunguka gari. "Mkubwa, unatafuta nini? Kioo? Taa ya nyuma? Sema tu!" Hawa ni mabroka. Wengine ni watu wa maana na watakufikisha unapotaka. Wengine watakuuzia chochote. Wakazi wa Nairobi wana mzaha wa miaka mingi kwamba ukiegesha vibaya huku, utauziwa kioo cha gari lako mwenyewe, tena utaambiwa umepunguziwa bei. Cheka, lakini funga milango.

"SITII SOKETI TU"

Tulielekezwa kwa mzee mmoja mwenye ovaroli ya buluu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu akinywa chai ya rangi. Kakangu akamwambia tunataka soketi nyuma.

"Utachomeka nini humo?" akauliza mzee.

"Wewe tia soketi tu, mzee wangu. Vya kuchomeka nitajua mwenyewe."

Mzee aliweka kikombe chini. "Mimi sitii soketi tu. Hizo 'soketi tu' ndizo huchoma magari ya watu."

Kakangu akanitazama. Hatukuwa tumemweleza lolote kuhusu Isinya.

Basi ikabidi tuhesabu. Mashine mbili za kunyoa, kila moja wati 15: hizo ni 30. Taa mbili za wati 10: sasa ni 50. Simu kumi zikitiwa chaji kwa pamoja, tuseme wati 10 kila moja: jumla inakuwa 150. Mzee aliandika yote kwa kipande cha chaki ubavuni mwa gari. Kisha akatufundisha hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa fizikia anayesoma ukurasa huu anaijua: gawanya wati kwa volti, utapata ampea. Betri ya gari ni ya volti 12. Wati 150 kwa volti 12 ni ampea 12 na nusu. Ongeza kidogo kwa umeme unaopotea kama joto, unapata kama ampea 15.

"Sasa najua waya gani," akasema. "Bila hesabu hii ningekuwa nakisia, na moto haukisii."

Mashine za kunyoa hutaka volti 240 kama za nyumbani, kwa hiyo lazima kiwepo kifaa kinachoitwa inveta, ambacho huugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani. Alituagiza tukanunue ya wati 300, yaani maradufu ya hesabu yetu, ili isifanye kazi ikihema. Tulipanda kwa miguu hadi Luthuli Avenue, mtaa wa redio na vifaa vya umeme, tukairudisha pamoja na soketi ya nje, ile yenye kifuniko cha mpira cha kuzuia mvua.

KAZI YA SAA NNE

Fundi wa kwanza alimaliza kwa saa moja. Huyu wa Grogan alichukua saa nne, nami nikaketi juu ya mkebe wa oili nikitazama kila hatua. Nakusimulia, msomaji, ili siku yako ikifika ujue cha kuangalia.

Alianza kwa kufungua waya wa betri ulio upande wa hasi. Mbona hasi kwanza? Kwa sababu bodi yote ya gari imeunganishwa na upande huo. Ukianza na chanya, kisha spana yako ikagusa bodi, cheche itaruka usoni pako. Wakati wa kurudisha, hasi huwa ya mwisho.

Kisha akachukua waya wa shaba wa milimita 6 za mraba. Ule wa zamani, ambao kakangu alikuwa ameuhifadhi ndani ya bahasha kama ushahidi wa kesi, ulikuwa mwembamba kama wa spika ya redio. Mzee aliutazama, akausonya, akaurudisha. Umeme ni kama maji, alisema. Ukilazimisha maji mengi yapite katika mrija wa soda, mrija utapasuka. Waya mwembamba haupasuki, bali hupata moto.

Inveta aliifunga ndani, nyuma ya kiti, mahali pakavu penye hewa, wala si huko nyuma kwenye mizigo ambako mvua na vumbi vingeiua. Waya wa kutoka kwenye betri aliupitisha ndani ya bomba jembamba la plastiki, akaufunga kwenye chasisi kila baada ya shubiri moja, mbali na ekzosi yenye joto na mbali na bomba la mafuta. Pale ulipopenya bati, alitia pete ya mpira. Hapo alimwita kakangu aje aone.

"Tazama tundu hili," akasema. "Ukingo wa bati ni kisu. Gari linatikisika, waya unasugulika, mpira wa waya unakwisha, shaba inagusa bodi. Betri hii ndiyo huzungusha stata, na kazi hiyo hutaka zaidi ya ampea 100 kwa mkupuo mmoja. Zote zitapitia hapa. Utakuwa na jiko chini ya kiti."

Kakangu hakujibu. Alikifungua kiganja chake na kukitazama.

Kutoka kwenye inveta hadi kwenye soketi ya nyuma, mzee alitumia kebo nene ya nyaya tatu, nayo pia ikapita ndani ya bomba lake. Alitueleza tofauti ambayo sitaisahau. Volti 12 hazitakurusha ukizigusa, lakini zinaweza kuliteketeza gari. Volti 240 zinaweza kukuua hata kama zimetoka katika kisanduku kidogo kilichonunuliwa Luthuli. Hatari ni mbili, wala usizichanganye. Ndiyo maana soketi ina kifuniko, na ndiyo maana mikono yenye maji haikaribii hapo.

KIDUDE CHA PESA NANE

Cha mwisho kilikuwa kidogo kuliko vyote. Kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, umbali usiofika shubiri moja, alitia kikalio cha fyuzi na ndani yake fyuzi ya ampea 30. Kwa bei ya fyuzi hiyo, hupati hata mfuko wa chipsi mjini.

"Gari lako halikuwa na hiki," akamwambia kakangu. Hakuwa anauliza.

"Nilitiwa moja," kakangu akasema, "lakini ilikuwa nyuma, karibu na soketi."

"Basi ililinda soketi. Waya wote wa kutoka betri hadi huko haukuwa na mlinzi." Akacheka kidogo. "Askari huwekwa langoni, mkubwa. Hawekwi chumbani."

Kisha akafanya jambo ambalo wewe usilijaribu nyumbani. Alichukua kipande cha waya chenye fyuzi yake ya akiba, akafunga upande mmoja kwenye betri, akatuambia tusogee nyuma. Ule upande mwingine akaugusisha kwenye bodi ya gari, makusudi.

Nilifumba macho. Nilisikia "ta!", kama njugu inapopasuka kikaangoni. Nilipofumbua, hakukuwa na moshi wala moto. Mzee alikuwa ameinua fyuzi kwenye mwanga wa jua. Kijiti cha ndani kilikuwa kimekatika.

"Imekufa yeye," akasema, "ili usife wewe."

Kakangu aliomba apewe fyuzi hiyo iliyoungua. Aliifunga katika karatasi ya risiti, akaitia mfuko wa shati.

KABLA HUJAONDOKA GROGAN

Huenda wewe si kinyozi. Huenda unataka taa za kuuzia matunda jioni, au spika za mkutano wa injili, au kutia chaji kompyuta ya mtoto mkienda ushago. Kazi ni ile ile, na haya ndiyo niliyojifunza.

Fundi asiyekuuliza utachomeka nini, muage kwa heshima. Mwulize atatia fyuzi wapi. Akikuonyesha nyuma ya gari badala ya karibu na betri, muage pia. Usikubali fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa kubwa zaidi, wala kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya, kwani hapo umemfukuza askari na kuacha lango wazi. Tafuta kilichoikata.

Jua nguvu ya betri yako. Ile ya kakangu ni ya ampea 70 kwa saa. Akitumia ampea 15 kwa saa mbili, ametumia 30, karibu nusu. Akiendelea bila kuwasha injini, jioni atahitaji vijana wa kusukuma. Akiiwasha, awe mahali pa wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, maana moshi wa ekzosi una sumu inayoua mtu akiwa usingizini. Mwenye kazi nyingi kuliko hiyo ni afadhali atie betri ya pili.

Na usijaribu kuchomeka pasi, birika la umeme wala jiko. Birika peke yake laweza kutaka wati 2,000. Gawanya kwa 12 uone mwenyewe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nchi yetu watu wengi hula kwa gari: mwuza mitumba, mwuza maziwa, mpiga picha wa harusi. Gari likiungua, haiungui chuma peke yake. Inaungua karo, kodi ya nyumba na chakula cha jioni. Nao mafundi wa jua kali huambiwa kila siku wafanye haraka, wafanye kwa bei ya chini. Sisi wateja ndio huwaambia hivyo. Kakangu alikiri mwenyewe tukiwa njiani kurudi: yule wa kwanza alikuwa amemtajia bei ya waya mnene, naye ndiye aliyesema ule mwembamba utatosha.

Majuma mawili baadaye nilifuatana naye hadi Bissil. Mwanawe alikuja. Si kwamba alikubali mara moja. Alisimama kando ya pikapu uani kwao, mikono nyuma. Baba yake hakumbembeleza. Alifungua boneti, akamwinua, akamwonyesha kile kidude cha plastiki kilicho karibu na betri. Kisha akatoa mfukoni karatasi ya risiti na kumpa ile fyuzi iliyoungua aishike. Walizungumza kwa muda, nami sikusogea kusikiliza.

Jua lilipoanza kutua sokoni, vumbi la ng'ombe likiwa bado hewani, taa mbili ziliwaka nyuma ya pikapu. Mzee mmoja aliyeuza kondoo wanne aliketi kitini na mashine ikaanza kunguruma taratibu kichwani mwake. Simu saba zilikuwa zimepangwa kwenye ubao, kila moja na kijitaa chake. Mvulana ndiye aliyekuwa akipokea pesa. Kila baada ya muda mfupi aliingia ndani ya gari, akaweka kiganja juu ya kiti, akasikiliza joto lake, kisha akarudi kazini.